Ndoana imeninyookea Mjimwema: tujuzane namna ya kuzikagua kabla ya kufunga

JiweLaMjimwema (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mjimwema, saa tisa alasiri, bamvua (zile siku za maji makubwa), maji yanamalizia kujaa. Wanaovua pwani ya Dar wanazijua saa hizo: maji ambayo asubuhi yalikuwa yamekupwa mpaka mawe yote yako nje, sasa yamepanda zaidi ya mita 3, na samaki wanasogea kula karibu na miamba. Chambo kilikuwa kipande cha ngisi. Dakika ishirini za mwanzo ni wadonoaji wadogo tu, wanatafuna na kwenda zao. Kisha mshipi ukaondoka. Haukutetemeka wala kudonolewa, uliondoka moja kwa moja kuelekea kilindini, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) ikalia.

Nilimrudisha mara mbili. Mara ya tatu, akiwa karibu mpaka nikaona mgongo wake ukigeuka chini ya povu, uzito ukatoka ghafla. Nikajua mshipi umekatika. Haukukatika. Ndoana ilirudi mkononi mwangu imenyooka, mkunjo umefunguka, ncha inatazama mbele kama msumari uliong'olewa kwenye ubao.

Nina miaka kumi na moja kwenye uvuvi wa pwani na sijawahi kuumia roho namna ile kwa ajili ya kitu cha shilingi mia tatu.

Ndoana hiyo ni namba 2/0, ilitoka kwenye pakiti ya kumi niliyonunua Kariakoo. Karatasi nzuri, jina linalojulikana. Jioni ile nilizimwaga tisa zilizobaki mezani, nikasogeza taa, nikazikagua moja moja. Naandika hapa nilichokiona kwa sababu naamini wengi wetu tunafunga ndoana kama tunavyofunga kifungo cha shati, hatuitazami kabisa.

Nilianza na ncha. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza, kisha ivute taratibu. Ndoana kali inang'ang'ania ukucha na kuacha mchirizi mweupe. Butu inateleza. Kati ya tisa, tatu ziliteleza, na moja kati ya hizo ncha yake ilikuwa imejikunja. Kwa macho huoni kitu. Ukipitisha kidole kuanzia kwenye mkunjo kwenda nchani ndipo unahisi inakukwaruza upande mmoja.

Nikaja kwenye tundu. Tundu la ndoana ni waya uliokunjwa mduara, kwa hiyo kuna mahali ambapo mwisho wa waya unakutana na mguu wa ndoana. Pakibaki uwazi, fundo litaingia humo siku ya vuta nikuvute. Pakibaki na ukali, mshipi utaliwa kidogo kidogo na wewe utalaumu mshipi. Chukua pamba, ipitishe tunduni, izungushe. Pamba ikibaki na nyuzi zimenasa, ndoana hiyo weka pembeni. Mbili zilinasa pamba.

Jibu la samaki wangu lilikuwa kwenye chuma chenyewe. Nilibana mguu wa ndoana kwa plaizi, nikapitisha msumari mnene kwenye mkunjo, nikavuta. Ndoana nzuri hufunguka kidogo, ukiachia inarudi ilipokuwa. Zangu zilifunguka zikabaki hivyo hivyo. Kuna fundi vyuma hapa mtaani kwetu alinieleza vizuri: chuma hupashwa moto mkali, kikapozwa ghafla kiwe kigumu, halafu hupashwa tena kwa moto wa chini ili kipate unyumbufu. Ukizembea hatua ya kwanza, au ukizidisha moto wa mwisho, unapata waya laini unaonyooka. Ukiruka huo moto wa mwisho, unapata ndoana inayovunjika kama kijiti kikavu. Dukani zote zinafanana, zote zinang'aa.

Sasa swali langu. Nina pakiti nyingine mkononi. Shemeji yangu anaishi Uingereza na kule ni mvuvi mkubwa wa samaki anayeitwa kapi, samaki wa maji baridi, mnene, wa mabwawa na mito ya taratibu. Alipokuja likizo aliniachia ndoana zake za kapi. Ni namba 6, fupi, mkunjo mpana, nyeusi isiyong'aa, ncha imeinama ndani kidogo kama mdomo wa kasuku. Kwenye ukucha hazitelezi hata kidogo. Chuma chake nimekijaribu kwa plaizi, kinarudi. Sijawahi kushika ndoana ya namna hii.

Je, zinatufaa huku? Baharini au niziweke kwa ajili ya mtoni? Na nyie mnazikaguaje zenu?

KambaleWaRuvu

Pole sana mkuu. Kumwona mgongo halafu akaondoka ni maumivu ya mwezi mzima.

Hizo ndoana usizipeleke baharini. Ule weusi usiong'aa ni rangi ya kupunguza mmeremeto ndani ya maji, haukutengenezwa kwa ajili ya chumvi. Chini yake ni chuma cha kaboni cha kawaida. Nilifanya kosa hilo: nilipewa kama hizo, nikaenda nazo Kigamboni siku moja, nikazirudisha kwenye kopo bila kuzisuuza. Siku ya tatu ncha zilikuwa na kutu, na ukali wote uko nchani, kwa hiyo ncha ikianza kutu huna ndoana tena. Za baharini tafuta zilizopakwa bati, zile zenye rangi ya kijivu ya mabati.

Mimi navua Ruvu na kwenye mabwawa ya watu huku Bagamoyo. Perege ana mdomo mdogo, anachukua chambo kwa uangalifu, anakionja. Kwake namba 8 au 10 yenye waya mwembamba. Hiyo namba 6 utampata perege mkubwa tu. Kambale ni kinyume chake, mdomo mpana, kichwa ni mfupa mtupu, ndoana ndogo inateleza juu ya mfupa. Kambale mpe 1/0 hadi 3/0, na waya mnene, maana akishikwa anajiviringisha.

Mgeni_Kigogo

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Namba 10 ndogo kuliko namba 6, halafu 3/0 kubwa kuliko zote? Nimesoma mara tatu sijaelewa.

JiweLaMjimwema

Karibu sana, uliza bila wasiwasi. Kuanzia namba 1 ukienda 2, 4, 6, 8, 10, ndoana zinazidi kuwa ndogo. Ukitoka namba 1 ukaenda upande wa pili, 1/0, 2/0, 3/0, zinazidi kuwa kubwa. Namba 1 iko katikati, ndipo pande mbili zinapoachana. Ila namba hazilingani kati ya kiwanda na kiwanda, 2/0 ya huyu inaweza kuwa kama 1/0 ya yule, na zile ndoana za mishipi ya wavuvi wetu zina namba zake nyingine. Beba ndoana yako ya zamani uende nayo dukani uzipachike mgongo kwa mgongo.

MzeeChubwi

Wanangu, nimeusoma uzi huu wote na nimefurahi. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu nikiwa kijana, ngalawa yetu ikishusha soko la samaki la Feri, na sisi hatukuwa na rili wala fimbo.

Ndoana tulizotumia nyingi hazikuwa na tundu. Mwisho wa mguu umepondwa, ni bapa. Unazungusha mshipi kwenye mguu mara saba au nane, unapitisha, unakaza kwa mate, na ile bapa inazuia mshipi usichomoke. Hapo hakuna tundu la kukata kitu, ila makali ya pembeni ya bapa lazima uyapitishie kidole, mengine ni kama wembe. Nawashauri msizidharau.

Kuhusu ncha, sisi tulitembea na tupa ndogo. Unanoa kutoka kwenye mkunjo kuelekea nchani, mara mbili tatu kila upande, basi. Ukirudisha tupa nyuma unaikunja ncha. Na jueni tupa inaondoa ule mpako, kwa hiyo ndoana uliyoinoa ni ya kuvulia leo hii, usiirudishe kwenye kopo ukitegemea ya kesho.

Na wewe mwenye uzi, kila ukivuta ndoana kutoka kwenye mwamba, rudi uikague ncha. Matumbawe yanaila ncha mara moja tu. Unaweza kukaa saa nzima samaki wanakula, hunasi kitu, kumbe unavua na kijiti.

JiweLaMjimwema

Shikamoo mzee wangu. Hilo la ndoana za bapa nilikuwa nazipita tu dukani. Nitazitafuta, na nitaomba unielekeze kuzifunga.

MzeeChubwi

Marahaba mwanangu. Njoo Feri alfajiri siku yoyote, uliza.

ZiwaniMwanza

Niongeze kuhusu kapi kwa sababu watu wanaweza kudhani ni samaki wa mbali asiyetuhusu. Ningu wa Ziwa Victoria ni ukoo mmoja na kapi. Ukimshika ningu mtazame mdomo: uko chini, laini, hauna meno. Ndivyo alivyo na kapi. Meno yake yako kooni. Anakula kwa kufyonza matope na chakula pamoja, anachuja, kisichomfaa anakitema, tena haraka sana. Sasa fikiria ndoana ikiwa butu: imeingia mdomoni na imetoka, wewe mwenye fimbo hujaona hata ncha ya fimbo ikitikisika.

Ndiyo maana wavuvi wa kapi wamekuwa wakali mno kwenye habari ya ndoana. Kwao ukali unatangulia nguvu.

JiweLaMjimwema

Asante mkuu, nimempigia shemeji jana usiku na ameniambia hayo hayo, akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani.

Anasema wao hawachomi chambo kwenye ndoana. Wanafunga kiuzi kifupi chembamba nyuma ya ndoana, chambo kinaning'inia kwenye kiuzi hicho, ndoana yenyewe iko tupu kabisa. Ni ufundi ulioanzia kwa wavuvi wa Kiingereza miaka ya kukaribia 1980 na ukabadilisha uvuvi wote wa kapi. Samaki anafyonza chambo, ndoana tupu inafuata nyuma, akijaribu kutema inageuka na kumchoma mdomo wa chini. Chubwi, yaani risasi ya kuzamishia mshipi, ni nzito, gramu 80 na kwenda juu, kwa hiyo akishtuka na kukimbia, uzito wa chubwi ndio unaizamisha ndoana. Mvuvi hajagusa fimbo bado.

Hapo nikaelewa kwa nini zile ndoana zinang'ang'ania ukucha vile. Hakuna mkono wa mtu wa kusaidia, ncha inafanya kazi yote peke yake. Na ile ncha iliyoinama ndani ni kwa ajili ya mabwawa yenye changarawe chini, haigongi jiwe kwa urahisi. Ncha iliyonyooka inachoma upesi zaidi lakini inaharibika upesi pia. Nikawaza, mawe yetu ya Mjimwema ni mabaya kuliko changarawe yoyote, na mimi siku zote nimenunua ncha iliyonyooka.

BintiKunduchi

Kaka, kabla hujaenda nazo popote, angalia kama hizo ndoana za shemeji zina kijino, kile kinachomzuia samaki asichomoke. Kule kwao mabwawa mengi yanaruhusu ndoana zisizo na kijino tu, kwa sababu kapi anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini.

JiweLaMjimwema

Dada yangu, nimetoka kuangalia sasa hivi. Hazina! Nimepitisha kidole mara nne nikidhani macho yananidanganya. Nilikazania ukali wa ncha mpaka sikuona kwamba nyuma yake ni laini tupu.

BintiKunduchi

Usizitupe. Ndoana isiyo na kijino inazama kwa urahisi zaidi kwa sababu hakuna kinachoikwamisha njiani, na samaki mdogo unamrudisha bila kumchana. Sharti lake ni moja, mshipi usilegee hata sekunde. Bwawani unaweza. Mwambani na mawimbi ya kusi yanakurudisha nyuma na mbele, mshipi utalegea tu utake usitake.

Sasa nina neno kuhusu ile ndoana iliyonyooka, na naomba usinichukie. Ndoana ilikuwa mbovu, sawa. Lakini breki ya rili yako, ile inayoizuia isiachie mshipi ovyo, ilikuwa imekazwa kiasi gani? Mimi baba yangu alinifundisha breki isizidi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 15, breki kilo 5. Unafunga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki, unavuta kwa fimbo iliyopinda, unasoma rili inapoanza kuachia. Wengi wanakaza kwa mkono mpaka wanaona imetosha, halafu samaki mkubwa akija wanaongeza na kidole gumba juu ya rili.

Na watu wakisikia hadithi kama yako wanakimbilia ndoana nene kuliko zote. Ndoana nene kwenye fimbo laini haizami, unamkupua (unavuta fimbo kwa ghafla) unamgusa mdomo tu, anakwenda. Unene uendane na fimbo na mshipi. Mwenye mshipi wa mkono kama mzee hapo juu anaweza kuzamisha chuma chochote, mkono hauna ulegevu. Mwenye fimbo nyepesi hawezi.

Mimi kwa chewa na kolekole nimehamia ndoana za duara, zile ambazo ncha imegeuka mpaka inautazama mguu. Usimkupue. Hapo ndipo watu wanapozikosea wakasema mbovu. Akishachukua, acha mshipi ukaze, anza kukunja rili taratibu, ndoana inateleza mpaka pembe ya mdomo na kujifunga yenyewe. Ni mara chache sana anaimeza.

KambaleWaRuvu

Dada umenena. Tupange siku tukajaribu wote pamoja, labda upande wa Mbudya?

BintiKunduchi

Mbudya hapana. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, hakuna kuvua pale. Tukutane huku nchi kavu.

JiweLaMjimwema

Nimerudi, wiki mbili baadaye. Dada, sikuchukii hata kidogo. Nilipima breki yangu kama ulivyosema, kwa mizani ya jirani anayeuza samaki. Ilikuwa inaachia kwenye kilo 8 na nusu, na mshipi wangu ni wa kilo 15. Na nakumbuka vizuri kwamba kidole gumba kilikuwa juu ya rili.

Kisha nikafanya kitu kingine. Nimefunga kamba nene kwenye boriti ya banda la nyuma, nikaning'iniza ndoana kwa tundu lake, kwenye mkunjo nikapachika pete ya chuma iliyoshika ndoo. Nikawa naongeza maji kwa chupa ya lita moja, na kila lita ni kilo moja. Ndoo tupu ilikuwa kama kilo moja, nimeihesabu.

Zile za pakiti ya Kariakoo, ya kwanza ilianza kufunguka kwenye kilo 6, kwenye kilo 8 ndoo ikaanguka ikanilowanisha miguu. Ya pili kilo 7. Ya tatu ilishika mpaka 9, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana pakiti moja, ndoana tatu, nguvu tatu tofauti. Halafu 2/0 za bati, nilizochagua moja moja kwa ukucha katika duka jingine, zilibeba kilo 18, zikafunguka upana wa kiberiti, nikamwaga maji zikarudi. Nimezijaribu tatu, zote sawa. Ya kapi namba 6, ndogo kuliko zote, ilibeba kilo 10 bila kutikisika, nikaishia hapo kwa sababu simtarajii perege wa kilo 10.

Kwa hiyo breki sasa iko kilo 5, ndoana inabeba zaidi ya mara tatu yake. Za kapi nimeziweka kwenye kopo lake peke yake lenye kitambaa kikavu, nitakwenda nazo Ruvu na KambaleWaRuvu. Za bahari kila nikirudi nazisuuza kwa maji ya bomba, nazikausha, na zilizotumika hazichanganyiki na mpya, maana chumvi inahama.

Jumamosi ilikuwa bamvua tena. Nimepata kolekole wawili, wa wastani. Mmoja alikimbia kuelekea jiwe lile lile, nikatoa kidole kwenye rili nikamwacha avute, akachoka mwenyewe. Ndoana nimeikagua baada ya kumtoa, mkunjo uko vilevile, ncha imepoteza ukali kidogo kwa sababu ilipita kwenye mfupa wa taya. Nimeibadilisha hapo hapo.

MzeeChubwi

Safi sana mwanangu. Na zile mbovu zilizobaki umezifanyaje?

JiweLaMjimwema

Nimezikata vipande kwa plaizi mzee, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunga kwa gundi ya karatasi kabla ya kutupa. Kijana wa jirani aliziomba, nikampa mbili za bati badala yake.